Uliza Pwani: Hoteli Umeshalipia, Sasa Toka Nje

Asalaam alaikum na habari zenu nyote. Likizo zinakaribia na kapu la maswali safari hii limejaa Unguja tupu, wengi wenu mmeshabuki hoteli za ufukweni upande wa mashariki na kusini, sasa mnauliza kuna nini cha kufanya zaidi ya kulala kwenye kiti cha bichi na kupiga selfii na dafu. Yapo mengi, na mengi yake wala hayataki gari ya kukodi. Msimamo wangu wenye kunisoma zamani mnaujua: ukifika pwani ile jua maji kwanza, yanatoka saa ngapi na yanajaa saa ngapi, halafu tafuta mtu wa kijiji hicho hicho akutembeze kwa miguu. Haya tuanze maana leo ni mengi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tumelipia usiku nne Jambiani, tuliona picha maji ya bluu mpaka mlangoni. Sasa jirani yangu aliyekwenda mwaka jana ananiambia nimeibiwa, eti bahari ya kule inakimbia asubuhi unabaki na tope, bora Nungwi. Nibadilishe bukingi? Pesa ya kubadilisha wanakata. – Mama Wawili, Dodoma

Marahaba mwanangu. Usibadilishe kitu, jirani yako hajasema uongo ila kakusimulia nusu. Upande wote wa mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka ufike Makunduchi, kuna mwamba mrefu umekaa mbali na ufukwe, utauona kama mstari mweupe wa mawimbi kule kwa mbali, na kati ya mwamba na nchi kavu kina cha maji ni kifupi. Kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli, unabaki mchanga, vidimbwi na majani ya bahari, si tope. Nungwi na Kendwa ufukwe wake unashuka haraka ndio maana kule unaogelea karibu saa zote, lakini pia kule kijiji na hoteli vimebanana na watu ni wengi, mimi kwa wanandoa wanaotaka utulivu nasema Jambiani bila kufikiri mara mbili.

Sasa ujue namna ya kupanga siku. Maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kutoka ni kama saa sita, na kila siku saa zinasogea mbele dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndio bamvua, siku hizo maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti inaweza kupita mita 3. Katikati hapo ndio maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Kwa Unguja siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa asubuhi kati ya saa tatu na saa tano hivi na yanajaa jioni kwenye saa kumi, kwa hiyo kama usiku wako nne umeangukia bamvua basi umebahatika, asubuhi mnatembea bahari kavu, mchana mnakula mnalala, jioni maji yako mlangoni kama kwenye picha mnaogelea mpaka magharibi. Ukiangukia maji mafu ni kinyume chake, asubuhi na mapema maji yanatoka kidogo na mchana yamejaa. Uliza risepsheni au muulize mvuvi yeyote, mvuvi hata simu haangalii anakwambia tu.

Na hayo matembezi ya asubuhi ndio kitu chenyewe, watu wanalala mpaka saa nne wanayakosa. Tokeni na mama wa kijijini anayekwenda pweza, mwambieni hoteli wawaunganishe au ulizeni dukani. Mtamwona anakwenda ameinama na kijiti chake cha chuma, macho chini, nyie mnaona mawe tu yeye anaona nyumba. Pweza akishakula hutupa maganda ya kombe na kokoto mlangoni kwake, hicho ndicho anachokitafuta. Anaingiza kijiti taratibu, pweza anakikumbatia, mama anatikisa tikisa, mkono mmoja unatoka, wa pili, halafu ghafla mzima yuko nje amebadilika rangi mara kahawia mara kijivu na wino umemwagika kidimbwi kizima cheusi. Akishamuua anampiga piga kwenye mwamba alainike. Njiani mtaona viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, wekundu wenye vinundu, majongoo ya bahari, kaa, visamaki vya rangi vimenaswa kwenye vidimbwi vinasubiri maji yarudi. Tazameni vikiwa majini. Kile kiti cha pweza mnachokitoa na kukiweka begani kwa picha kinaumia nje ya maji, na wakipita watu thelathini kwa siku wanakiinua huyo amekwisha.

Vaeni raba nyepesi au sandozi za kufunga nyuma, ndala zitawaacha, na kuna wale viumbe wa duara wenye miiba mieusi mirefu kama sindano, ukikanyaga mwiba unakatikia ndani na likizo yako imeisha. Na jambo la mwisho ni la usalama, maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele na mawimbi ukayaona, yanapitia kwenye mikondo na kujaa nyuma yako huku wewe umesimama kwenye kisehemu kikavu unapiga picha, utageuka ukute kati yako na ufukwe ni maji ya kiunoni na yanavuta. Mama akisema turudi, rudini.

SWALI: Hao wanawake wa mwani, ni sawa kuwapiga picha? Mimi ni mpiga picha wa kujifunza, ningependa sana. Halafu huo mwani ni wa kula au? – Lenzi Moja, Morogoro

Lenzi Moja naona hujauliza kwanza wao wanasemaje, kwa hiyo nitakwambia. Fikiria uko ofisini kwako umeinama unafanya kazi, nguo imelowa mpaka kifuani, anakuja mtu humjui anakuelekezea kamera bila hata kusema habari za asubuhi. Wamechoshwa na hilo. Fika, salimia, muulize mwani wa mwezi huu vipi, msaidie kufunga hata kamba moja, ndio uombe. Wengine watakubali, wengine watakwambia la, na la ni la, usivute kwa lenzi refu ukiwa mbali. Wakikubali na ukawa na cha kuwapa wape, na zile picha watumie, hakuna kinachowaudhi kama picha yao kukutwa kwenye kalenda.

Kuhusu mwani wenyewe. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, mbegu zikatoka Ufilipino. Unapigwa vijiti kwenye mchanga, unatandazwa kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba vinafungwa vishada vidogo vya mwani kwa vikamba vyembamba, kimoja kimoja kwa mkono, ukae umeinama kwenye jua na maji ya chumvi. Wiki sita hivi umekua unavunwa, unaanikwa, unauzwa mkavu kwa kilo. Hapa kwetu hauliwi sana, unasafirishwa nje unatolewa kitu cha kugandishia ambacho kinaingia kwenye aiskrimu, dawa ya meno na vipodozi, kwa hiyo umeshaula bila kujua. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosum na cottonii, na huyu cottonii ndiye mwenye bei nzuri ila hapendi maji ya joto, bahari imezidi joto anaoza na kukatika, sehemu nyingi za Unguja wakulima wamebaki na spinosum wenye bei ndogo. Kazi ile ile pesa pungufu. Ndio maana akina mama wengine wameingia kwenye kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani wenyewe, Paje utawakuta, na sabuni ile ina faida kwao kuliko kilo nyingi za mwani mkavu. Ukitaka kusaidia nunua sabuni, usitoe sadaka.

Halafu angalia unapokanyaga, zile kamba ni shamba la mtu. Paje kuna ugomvi wa muda mrefu hapo kati ya wenye mwani na wachezaji wa kaiti, wale wanaoteleza majini kwa ubao unaovutwa na tiara, kila mmoja anataka maji yale yale, na mimi sifichi, waliotangulia ni wenye mwani. Kaiti ina sehemu zake, ukichukua somo muulize mwalimu wako mashamba yako wapi kabla hujaingia.

SWALI: Niaje. Niko Nairobi, nakuja Paje na watoto wa miaka sita na tisa. Kuna huo msitu wa Jozani, nimeona video nyani wamekalia watu mabegani. Ni safe? Na ni bei mbaya ama? – Baba wa Mapili, Nairobi

Karibu sana baba. Jozani peleka watoto, wataipenda, ila hiyo video uliyoiona ndio mfano wa kitu kisichotakiwa. Kwanza si nyani, ni kima punju, mgongo mwekundu, tumbo jeupe, nywele zimesimama kichwani kama ameamka sasa hivi, na duniani kote anapatikana Zanzibar tu. Sensa ya wanyama iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta wamezidi 5,800, ambayo ilikuwa habari njema maana walidhaniwa ni wachache zaidi. Wamezoea watu hawakimbii, watakula majani nusu mita juu ya kichwa chako wala hawana habari na wewe, hivyo kazi ya kukaa mbali ni yako, simama kama mita tatu, usimpe chakula, usimguse, na mtoto mwenye mafua abaki nyuma kidogo kwa sababu magonjwa yetu yanawaingia. Akikukalia begani maana yake kuna aliyemzoesha kwa ndizi.

Waambie watoto watazame mikono yake, hana dole gumba. Na wakiwa na bahati watamwona anakula mkaa, naam mkaa wa kupikia kabisa, wanaiba kwenye matanuri na majiko ya watu. Wale wanaoishi pembeni ya mashamba wanakula sana majani ya mkungu, ule mti wa kungu si wa ndizi, na ya mwembe, majani yale yana vitu vinavyosumbua tumbo, mkaa unavinyonya. Wanafundishana, mtoto anamwona mama yake naye anatafuna.

Nenda asubuhi au jioni kuanzia saa tisa, mchana wa jua kali wanalala juu huko. Tiketi ya kiingilio ina mtembeza wageni ndani yake, mnapita msitu wenye maji ya chini, kisha mnavuka barabara kuelekea Pete kwenye njia ya mbao juu ya mikoko. Hapo ndipo mimi ningekaa muda mrefu zaidi. Maji yakiwa yametoka unaona mizizi yote iko wazi, vikaa vyekundu vyenye gando moja kubwa vinapunga, na maji yakijaa unaona samaki wadogo wanaingia kujificha katikati ya mizizi, sehemu kubwa ya wanaovuliwa huko nje wamekulia hapo. Watoto wakishaona kwa macho huna haja ya kuwahutubia kwa nini mkoko usikatwe. Jozani na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na sehemu ya pesa ya kiingilio inarudi kwenye vijiji jirani, ambao kima hao wanakula mazao yao. Bei kwa watu wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya wageni wengine kwa hiyo beba vitambulisho vya nyote, na iko njiani mjini kwenda Paje, unaweza kushuka siku ya kuja.

Kitu kimoja kwa dereva wako, pale kuna matuta barabarani na hayakuwekwa kwa bahati mbaya, kima walikuwa wanagongwa sana. Mwambie apunguze mwendo.

SWALI: Pomboo Kizimkazi, twende tusiende? Wenzangu kazini wamegawanyika. – Hadija wa Mtoni

Nendeni, ila chagueni nahodha kama mnavyochagua mchumba. Pomboo wapo kweli, wa aina mbili, wanaishi eneo lile la ghuba ya Menai, na tatizo si kuwatazama, ni boti kumi kuwazunguka kundi moja, manahodha wanapigiana simu, wageni wanarukia kichwani mwao. Pomboo wanaopumzika au wenye watoto hawapati nafasi. Muulize kabla ya kulipa, ukifika na kuna boti nyingi utafanyaje? Akijibu tutawawahi mbele wakatize, tafuta mwingine. Anayesema tutasimama mbali tuzime mashine tusubiri, huyo ndiye. Tokeni alfajiri kabla wa hoteli za kaskazini hawajafika.

Na mkirudi msikimbilie gari. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti ambao ukiutazama kwa nje ni bati tu la kawaida utapita, ila kibla chake kina maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya kale, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya zamani kabisa pwani yote hii ya Afrika Mashariki. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18 ila kuta za kibla ni zile. Bado unasaliwa, kwa hiyo nenda nje ya saa za sala, mtafute mzee wa pale akufungulie, jifunike, vua viatu, acha chochote kwenye sanduku la msikiti.

SWALI: Eti Mwaka Kogwa watu wanapigana kweli? Nataka nimpeleke mke wangu Julai lakini anaogopa. – Bwana Harusi Mpya, Tanga

Wanapigana kweli na hakuna anayeumizwa, au tuseme anayeumizwa anacheka. Ni Makunduchi, mwezi wa Julai, mwaka mpya wa kalenda ya Kishirazi ambayo wazee wameshika hesabu yake mpaka leo. Wanaume wa pande mbili za mji wanakabiliana na vigogo vya migomba, wanachapana, hasira za mwaka mzima zinamalizwa hapo hapo, huku wanawake wamevaa vizuri wamejipanga wanaimba nyimbo za kuwachokoza, nyingine zina maneno makali ambayo siku nyingine yoyote wasingeyasema. Kisha kinachomwa kibanda cha makuti, na watu wanatazama moshi unaelekea wapi.

Mke wako akae upande wa wanawake, atafundishwa nyimbo kabla ya mchana, mwambie avae dira au baibui jepesi na khanga, na wewe usikae katikati ya uwanja na simu mkononi, mgomba haujui mgeni. Mkimaliza mtaitwa kula. Ikubalini, siku ile ni aibu nyumba kukosa mgeni, kule kukataa ndio ukosefu wa adabu. Beba hata kilo mbili za sukari. Tarehe kamili muulize mtu wa Makunduchi karibu na wakati, na malazi ya Jambiani na Paje siku hizo yanajaa hivyo wahi.

SWALI: Naomba kujua tu, mimi natokea bara, naweza kutembea kijijini kifua wazi kutoka bichi kwenda dukani? Joto ni kali. Na tukija Ramadhani inakuwaje? – Kijana wa Mbeya

Hapana. Bichi mbele ya hoteli vaa unavyotaka, ukivuka ile njia ya mchanga kuingia majumbani tia fulana, na mwenzako wa kike ajifunge khanga kuanzia mabega mpaka chini ya magoti. Watu hawatakwambia kitu, watanyamaza na kukuacha, ndio adabu yao, lakini mtaongea na nani sasa hapo.

Ramadhani mchana kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani ni kosa na watu hukamatwa na polisi, usilete hoja kwamba wewe hufungi. Ndani ya hoteli unahudumiwa kawaida. Ila mimi nakwambia njoo Ramadhani, bei zinashuka, fukwe tupu, na kuanzia magharibi mitaa inafufuka, kuna uji, tambi, kaimati, mihogo ya nazi, na ukialikwa futari keti.

SWALI: Mwaka jana kijana mmoja wa ufukweni alinichukulia pesa ya snokeli akapotea. Mnatuambia tutafute wenyeji, wenyeji wenyewe ndio hao? – Niliyepigwa, Arusha

Pole sana ndugu yangu, una haki ya kukasirika. Papasi, hao vijana wanaofuata wageni kuwauzia safari, si wote wezi, ila kuna wanaokaa ufukweni kusubiri mgeni na hata si watu wa kijiji hicho. Mtembeza wageni halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mwombe akuonyeshe wala usione haya. Usilipe yote kabla, toa kidogo ya mafuta, nyingine mkirudi. Na kabla hujakubaliana ingia duka lolote la kijijini, nunua maji, uliza tu, kijana fulani mnamjua, ni mtoto wa nani? Wakikuonyesha nyumba ya mama yake hiyo ni dhamana kubwa kuliko risiti.

SWALI: Dada naomba unisaidie kwa siri. Tulikuwa Jambiani, maji yametoka, mwanangu akakuta mashimo yamezungushiwa mawe kwenye mchanga, akayafukua akidhani hazina, ndani kuna magamba ya nazi meusi yananuka balaa, tukayatupa tukaendelea. Jioni nikaona mwanamke amesimama pale amejishika kiuno. Ni kitu gani kile? Uchawi? – Mama Mtundu, Dar

Uchawi hahaha. Yale ni makumbi, Mama Mtundu, na mmefukua kazi ya miezi ya mtu.

Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga pale ambapo bahari inafika na kutoka, yanawekewa mawe yasichukuliwe na maji, yanaachwa miezi mingi mpaka yaoze kiasi, nyama inalegea nyuzi zinabaki. Kila shimo lina mwenyewe na mwenyewe analijua, hata mawe yanaonekana yamefanana yeye anajua la kwake na la jirani. Yakiiva anayafukua, ndio hiyo harufu, anakaa chini na kipande cha mti anayaponda juu ya jiwe, ponda geuza ponda, ule uchafu unatoka unabaki ufumwele wa rangi ya dhahabu. Anausuuza baharini, anauanika, halafu anakaa barazani na wenzie wanasokota, viganja viwili vinasugua, nyuzi mbili zinapishana, kamba inarefuka bila kuiangalia huku wanapiga soga. Kamba hiyo ndio ya vitanda, ya kufungia makuti ya paa, na madau. Hata paa la makuti la hoteli mliyolala huenda limefungwa nayo.

Sasa la kufanya. Kama bado mko na namba ya mtu wa hoteli anayeishi pale, mpigie mwambie ukweli, mtoto alifukua shimo upande fulani, anaweza kumpata mwenyewe kwa siku moja. Umwombe radhi kwa simu na umtumie kitu, na usiseme fidia, sema mtoto amekosa. Makumbi akiwahi kuyarudisha hayaharibiki kwa siku moja mbili. Na ukirudi tena Jambiani mpeleke mwanao kwake akajifunze kusokota, watoto wanaoipenda hazina wanaipenda sana na kazi hiyo.

SWALI: Kuogelea na kasa Nungwi, vipi? – Samaki Nchanga

Kwenye bwawa, hapana. Kasa waliofungiwa, watu hamsini kwa siku na mafuta ya jua mwilini wanawashika magamba, sioni raha yake. Mnarani pale Nungwi nendeni mkawatazame, wanapokea kasa walionaswa kwenye nyavu, mwulize anayewahudumia historia ya mmoja mmoja atakwambia. Ukitaka kuogelea naye chukua boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba, tia miwani ya maji, ukijaaliwa utamkuta kasa wa kijani anakula majani chini, yeye mwenyewe na bahari yake, ukae juu kimya usimfukuzie.

SWALI: Daladala zipo mpaka huko au lazima teksi? Bajeti yangu ndogo. – Mwanafunzi, Iringa

Zipo. Nungwi ni 116, Jambiani ni 309, ya Kizimkazi ni 326, uliza zinapopakilia ukishuka bandarini maana vituo vimehamishwa hamishwa. Zinakwenda polepole, zinapakia mikungu ya ndizi na ndoo za samaki, usikae kiti cha nyuma kabisa kama una begi. Mchana zipo za kutosha ila kurudi mjini jioni usitegemee ya mwisho, uliza utingo asubuhi hiyo hiyo saa ngapi inaondoka kule na uwe barabarani nusu saa kabla.